Kidole Kilichofia Njiani

Mimi ni mtu wa kushuku, na siombi radhi. Sokoni nageuza kila nyanya kabla ya kuitia kikapuni. Mhubiri akisema "na la mwisho," natazama saa. Marehemu mume wangu akiniambia amefunga zizi, nilikuwa naitikia vizuri kabisa, halafu naenda kutazama. Akinikuta pale zizini ananiuliza, "Mama Mugo, wewe umeolewa hapa au umeniandika kazi?"

Tabia hiyo niliipata kazini. Nyinyi vijana mnaoingia sasa kwenye mambo ya mitandao, na vyeti vyenu na laptop nyepesi kama sahani, mtaambiwa muwe makini. Mimi nawaambia mshuku. Ila kushuku kuna ufundi wake, na asiye nao anaweza kumwangamiza mtu mzima na watoto wake, huku ameketi ofisini anakunywa chai. Kaeni vizuri niwaambie habari ya Sista Kathure.

Shirika nililofanyia kazi lilikuwa la zahanati za kanisa. Jina lake mtanisamehe, bado nasali nao. Makao makuu yalikuwa Embu mjini, na zahanati zilitapakaa: Kanja, Mitunguu, mpaka kule juu Laare kwenye miraa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kompyuta ya kila zahanati inaongea na Embu kama vile ziko chumba kimoja. Hatukuwa na waya wetu wenyewe wa kufika huko kote. Tulipitia kwa kampuni ya mtandao, ndani ya kile nyinyi mnaita tunnel. Mimi nitasema handaki.

Ukitaka kuelewa handaki, nenda Laare asubuhi uwatazame wanavyofunga miraa. Miraa yenyewe iko ndani, nje ni jani la mgomba. Yule wa bodaboda anayebeba haoni miraa, anaona majani tu. Handaki ni hivyo hivyo. Pakiti yako, yaani kipande cha ujumbe, inafungwa ndani ya pakiti nyingine, na rauta za kampuni, zile mashine zinazopokezana pakiti huko njiani, zinaona lile jani la nje basi.

Sasa, kila pakiti ikiondoka nyumbani hupewa namba ya uhai. Kila rauta inayoipitisha inakata moja. Ikifika sufuri, rauta iliyoishika inaitupa. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu bila huo pakiti iliyopotea ingezunguka mitandaoni mpaka Yesu arudi. Lakini ukishaifunga ndani ya jani, kuna swali. Jani la nje lipewe uhai wa nani? Unaweza kulipatia namba yake lenyewe, kubwa, isiyojali kilicho ndani. Au unaiambia rauta: soma namba ya ndani, uiige nje. Ni mstari mmoja tu kwenye rauta. Vijana wengi wanauruka bila kuusoma.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nyaga, mtu wa Kanja, mrefu, mkali, mshuku kunishinda mimi. Taa ya kijani kwake haikuwa ushahidi. "Hata mlevi macho yako wazi," alikuwa akisema, kisha anachomoa waya na kuuchomeka upya. Kampuni ya mtandao aliichukia kama vile ilimwibia ng'ombe. Aliamini inatupitisha njia za mbali ili itusikilize. Kwa hiyo kwenye mahandaki yetu yote aliweka ile ya kuiga.

Sababu yake ilikuwa hii. Ukiwa umeweka kuiga, ukafanya trace kutoka zahanati mpaka Embu, yaani kutuma pakiti za uhai wa moja, wa mbili, wa tatu, uone kila moja inafia wapi, katikati ya orodha kwenye skrini unaona nyota zimepangana. Kila nyota ni rauta moja ya kampuni ambayo pakiti yako imefia. Jina lake hupati, kwa sababu taarifa ya kifo inarudi kwa rauta yako iliyofunga jani, haikufikii wewe. Lakini utajua ziko ngapi. Ukiweka namba kubwa nje, nyota zinapotea, na safari yote ya milima na mabonde inaonekana hatua moja. Nyaga hakutaka kusikia hilo. "Mama Mugo, anayeficha njia ana kitu amebeba," aliniambia. "Mimi nataka nyota zangu."

Nyota hizo alizilipia. Tulipofungua Mitunguu, rauta ya Embu na ya Mitunguu zilikataa kusalimiana. Ping, ule ujumbe mdogo wa kubisha hodi, inapita, barua pepe zinapita, lakini rauta zenyewe kila moja imenuna kama mabibi wawili wa mzee mmoja. Nyaga akabadilisha waya. Akashuku kampuni. Akashuku hata vumbi la mashamba ya ndizi. Kumbe salamu za rauta hutumwa na uhai wa moja tu, makusudi, zisivuke kwa jirani. Jani la nje likaiga moja hiyo, na salamu zikafia mlangoni mwa kampuni. Mtu mwingine angeondoa kuiga na kwenda nyumbani. Nyaga alikaa Mitunguu akiziandikia rauta njia zote kwa mkono, moja moja, jasho linamtoka kwa lile joto la kule chini, ili asipoteze nyota zake. Nilicheka, lakini sikubishana naye. Ulikuwa hubishani na Nyaga.

Baadaye akastaafu, akarudi Kanja kwa ng'ombe wake, na mimi nikarithi kiti.

Kabla ya hapo zilikuwa zimekuja mashine za kidole. Mnazijua. Unafika kazini, unaweka kidole, Embu wanaona umefika. Nyaga ndiye alifunga za kwanza kabla hajaondoka, na ya Laare ilikuwa mojawapo. Mashine yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, na ukiweka kidole inakuambia "thank you" kwa sauti ya mama mmoja wa mbali. Ikishasema hivyo imemaliza. Haiulizi kama ujumbe umefika, wala haiweki kumbukumbu.

Zahanati ya Laare ilikuwa ya muuguzi mmoja. Muuguzi huyo ndiye Kathure; tulimwita Sista kwa uuguzi, si kwa utawa. Mjane, watoto wanne, anaishi nyumba ya zahanati pale pale ndani ya ua. Nilikuwa namjua kutoka kwenye mikutano ya mwaka. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, anauliza swali mpaka mwenyekiti anatamani kuahirisha kikao.

Bwana Ireri alikuwa mkubwa wa wafanyakazi. Siku moja akaniita, akafunga mlango, akavuta pazia. Nikajua kuna mtu anazikwa.

"Mama Mugo, kuna mtu anatuchezea," akasema. "Kathure haendi kazini."

"Nani amesema?"

"Mashine." Akanigeuzia skrini. Kweli, kulikuwa na siku Kathure yuko, siku hayuko, yuko, hayuko, hayuko. "Umeona? Siku za soko, hayupo. Nasikia ana shamba la miraa la marehemu. Anaenda kuchuma."

Nikatazama vizuri. Siku nyingine hayupo na si ya soko. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Hizo ni za kutuchanganya."

"Na ripoti za wagonjwa? Zinafika kila siku kutoka kompyuta ya Laare, nimeziona mwenyewe."

"Amempa mtu password." Ireri akainama karibu nami. "Lisemwalo lipo, Mama Mugo. Kama halipo, laja. Kikao cha halmashauri ni Ijumaa. Wakikubali, anatoka kazini, anatoka na nyumbani. Nataka uende Laare kimya kimya uniletee ushahidi."

Nitawaambia ukweli nilivyowaza. Niliwaza huenda ni kweli. Kwa nini isiwe kweli? Mimi nageuza nyanya. Lakini kitu kimoja kilinikera. Mtu anayeiba siku za kazi huwa na mpango, na siku za Kathure hazikuwa na mpango wowote. Zilikuwa kama mvua ya huku kwetu, inakuja ikitaka. Kabla sijaondoka nikafanya trace kutoka Embu kwenda Laare. Nyota zilikuwa zile zile chache za kila siku. Nikaona basi, mtandao uko sawa, kilichobaki ni mtu.

Laare nilifika asubuhi kabla zahanati haijafunguliwa, nikakaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto, nimejifunga leso kichwani kama mgonjwa. Nilitaka nimwone akichelewa. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, Kathure akatoka na sare yake imepigwa pasi, akapita moja kwa moja mpaka kwenye mashine, akaweka kidole. "Thank you," mashine ikasema. Kisha akageuka, akatazama benchi lote, macho yakasimama kwangu.

"Muga, Mama Mugo," akanisalimia. "Unaumwa wapi?"

Akina mama wakacheka. Mimi nikasimama, aibu tele, nikatoa leso.

"Nimekuja kutazama mashine."

"Umekuja kunitazama mimi," akasema. Hakuwa amekasirika bado. "Haya, nitazame. Lakini huyu mtoto ana homa, naanza naye."

Nikatoka nje nikampigia Ireri. Nikamuuliza kama Kathure amefika kazini.

"Hajafika," Ireri akasema, na furaha nikaisikia kwenye simu. "Si nilikuambia?"

"Bwana Ireri, mimi nimesimama naye. Nimemwona akiweka kidole."

Akaniuliza, polepole, "Amekupa nini?"

Ngai! Miaka yote ile kwenye shirika, na swali ni nimepewa nini. Nikakata simu kabla sijasema la kunifukuzisha kazi na mimi. Lakini hapo ndipo kushuku kwangu kulipogeuka, vijana, na nawaomba mkiona kwenu kunageuka hivyo mkufuate. Macho yangu mawili yalikuwa yanasema yuko. Skrini ya Embu ilikuwa inasema hayuko. Mmoja alikuwa anadanganya, na macho yangu nayajua yalikolala.

Nikaingia kwenye chumba cha dawa, mahali rauta ilipokuwa juu ya rafu, katikati ya maboksi ya pamba. Nikafungua laptop. Ping kwenda Embu, safi. Nikafanya trace kutoka pale Laare. Nyota zikaanza kushuka. Zikashuka, zikashuka. Zilikuwa zaidi ya kumi, nyingi kuliko nilivyowahi kuona kwenye handaki hilo. Wazo la kwanza lilikuwa la Nyaga mtupu: kuna mtu ameingia katikati anatusikiliza.

Kathure akachungulia mlangoni, sindano mkononi. "Ni nini? Umekuwa mweupe."

"Njia imekuwa ndefu."

"Njia gani?"

"Ya kwenda Embu."

"Hiyo imekuwa ndefu tangu nizaliwe," akasema, akarudi kwa mgonjwa wake.

Nikampigia kijana wa kampuni ya mtandao. Akaniambia madam, huduma iko sawa. Nikamwambia sikuuliza kama iko sawa, nimeuliza inapita wapi. Akaniweka kwenye muziki. Niliposikiliza muziki mpaka nikaujua, akarudi akakubali. Tingatinga la barabara lilikuwa linawakatia waya kila mara, na likikata, data inayotoka Laare inazungushwa Nairobi ndiyo ije Embu. Wakishona, inarudi njia fupi. Ile inayotoka Embu kwenda Laare haikuguswa kabisa. Andikeni hilo moyoni: njia ya kwenda si lazima iwe njia ya kurudi, na ukitazama ukiwa upande mmoja umeona nusu tu.

Basi yuko, hayuko, yuko, hayuko, ilikuwa ni tingatinga. Lakini bado nikashuku. Njia ikiwa ndefu, mbona ripoti za wagonjwa zinafika? Kompyuta na mashine zinapita rauta moja, handaki moja, Nairobi moja. Kwa nini kidole tu ndicho kinapotea?

Nikachomeka laptop kati ya mashine na rauta, nikamwomba Kathure aweke kidole tena. Pakiti ikatoka, nikaishika, nikasoma namba ya uhai. Kompyuta hutoa pakiti na uhai wa sitini na kitu au zaidi. Hii ya mashine ilikuwa na kumi. Kumi! Nilikuwa sijawahi kuona kiwanda kikituma mtoto shuleni na chakula kidogo hivyo.

"Kumi," nikasema kwa sauti. "Nani ameweka kumi?"

"Ni sisi," Kathure akasema nyuma yangu.

Niligeuka nikadhani anatania. Akaketi kwenye boksi la glavu, akanieleza. Mashine ilipoletwa, kamati ya zahanati ilikataa. Wakulima, katekista, akina mama. Walitaka kujua kidole kikitoka Laare kinaenda wapi. Nyaga akawaambia, Embu. Wakamuuliza, kikifika Embu kinasimama au kinaendelea? Kwa sababu walikuwa wamesikia habari za watu kuuziwa mashamba kwa kidole chao, na kidole si kofia, huwezi kununua kingine. Na aliyepiga kelele kuliko wote, Kathure akasema bila aibu, alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu kidole kilikuwa chake.

"Mzee wenu hakutucheka," akasema. "Wengine wangetucheka. Alisema anaweza kukipa nguvu ya kufika Embu tu, kikijaribu kuvuka kinafia njiani. Tukamsimamisha mbele ya kamati akaahidi, katekista akaomba, ikaisha. Na mimi nikaweka kidole."

Nikampigia Nyaga. Nilimkuta anakamua, nikisikia maziwa yakipiga ndoo. "Mzee, Laare ulifanya nini kwenye mashine?"

"Niliweka ahadi," akajibu.

"Na ukaacha handaki linaiga?"

Maziwa yakanyamaza. Nyaga alikuwa mtu mkali, lakini akili yake haikuwahi kuhitaji kuelezwa mara mbili. "Njia imerefuka," akasema. "Jani la nje limechukua kumi ya ndani. Kampuni imelimaliza kabla ya Embu." Akavuta pumzi. "Mama Mugo, nani ameumia?"

Nikamwambia. Akatukana kampuni, akamtukana Ireri, akamtukana na ng'ombe aliyekuwa amesimama tu hana hatia.

Mmeona jinsi jambo lilivyokuwa? Watu wa Laare walishuku, na walikuwa na haki. Nyaga alishuku, na hakukosea sana, njia kweli ilikuwa inazungushwa bila sisi kuambiwa. Kushuku kwa huku kulikutana na kushuku kwa kule ndani ya rauta moja, na katikati akasimama mwanamke mwenye watoto wanne.

Dawa yake ilikuwa ule mstari mmoja. Kwenye rauta ya Laare nikaliambia handaki liache kuiga, jani la nje lipewe namba kubwa kuliko zote zinazokubaliwa na rauta. Kumi ya ndani sikuigusa. Ndani ya jani, safari yote ya Nairobi huhesabiwa hatua moja, kwa hiyo kidole kingefika Embu kikiwa na nguvu, na kikijaribu kwenda mbali kingekufa vile vile. Ahadi ilibaki ahadi. Nikamwambia Kathure aweke kidole.

"Thank you," mashine ikasema.

Simu yangu ikalia papo hapo. Ireri. "Ameingia sasa hivi," akasema. "Amechelewa sana."

Kathure alisikia, kwa sababu Ireri anaongea kwenye simu kama anaita mbuzi. Hapo ndipo alipokasirika. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimezoea kelele zake. Alitazama ile mashine muda mrefu.

"Imenishukuru kila asubuhi," akasema. "Kila asubuhi, Mama Mugo. Kumbe ilikuwa inanichongea." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa sare, akaita mgonjwa anayefuata.

Ijumaa ikafika. Kathure alikataa kuja Embu. "Nikija, si watasema siko kazini?" Tukakubaliana atakuwa kwenye simu ya video, mbele ya mashine yake. Mimi asubuhi ile, nikiwa Embu, niliingia kwenye rauta ya Laare, nikairudisha kuiga kwa dakika chache, nikahesabu nyota za kutoka huko kabla ya chai, nikiogopa kampuni isije ikawa imerudisha njia fupi nikakosa la kuwaonyesha. Zilikuwa nyingi. Nikamshukuru Mungu kwa tingatinga.

Ireri alisema yake kwanza, na alisema vizuri. Siku zimekosekana, mashine haina urafiki na mtu, na fundi aliyetumwa kuchunguza amegusa mitambo bila kibali. Fundi huyo ni mimi. Halmashauri wakanitazama vile unavyomtazama mtu aliyekutwa jikoni na kifuniko mkononi.

Sikuwaelezea handaki. Nikiwa na umri wangu nimejua kwamba ukianza kuwaelezea wakubwa, wanaanza kukushuku unawaficha kitu. Kwa laptop yangu, pale pale kikaoni, nikarudisha rauta ya Laare kwenye kuiga, kama Nyaga alivyoiacha. "Sista, weka kidole." Kwenye simu wote wakamwona akiweka, wakaisikia mashine ikishukuru. Kwenye skrini ya Ireri, hakuna kitu. Nikaweka namba kubwa. "Weka tena." Jina lake likatokea.

Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye shamba la majani chai, akavua miwani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Hayupo, yupo.

"Geuza, anza na hii nyingine." Nikageuza. Yupo, hayupo. Nilimpenda mzee huyo siku ile, alikuwa anageuza nyanya.

"Kwa hiyo huyu mama," mwenyekiti akasema, "alikuwa kazini siku zote hizi."

"Siku zote," nikasema.

Ireri akakusanya makaratasi yake. "Basi ni mtambo," akasema. "Jambo limekwisha. Aendelee na kazi." Hakusema pole. Alisema "ni mtambo" kama vile mtambo ndio uliomwita mwizi, ukavuta pazia, ukanituma na leso kichwani.

Kathure alikuwa bado kwenye simu, amesikia yote. Akakata.

Jumatatu yake asubuhi, simu ya Ireri ikalia. Nilikuwa ofisini mwake nikikagua kompyuta. Ilikuwa Kathure.

"Ireri," akasema, bila Bwana. "Nimeweka kidole. Mimi niko kazini?"

Ireri akatazama skrini. "Uko."

"Asante." Akakata.

Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano, hivyo hivyo. Kila siku ya kazi, kabla hajamgusa mgonjwa: Ireri, mimi niko kazini? Ireri akajaribu kuelekeza simu kwa karani. Kathure akakataa kabisa. "Nataka yule aliyesema siko." Akamlalamikia mwenyekiti, na mwenyekiti akamwambia apokee simu, kuna ubaya gani mtu kuuliza kama yuko? Wiki zikapita, miezi ikapita. Sisi ofisini tukazoea. Ireri mwenyewe akazoea, akawa hata chai hanywi kabla Laare haijapiga.

Kisha ikafika asubuhi moja simu haikulia. Ireri akatazama saa. Akafungua skrini, na jina la Kathure lilikuwepo, limeingia mapema. Nililiona mimi mwenyewe, na yeye aliliona. Akakaa. Akasimama. Akarudi kwenye skrini, jina bado lipo. Mwishowe akachukua simu akapiga Laare, na ikalia sana kabla ya kupokewa.

"Sista Kathure," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita Sista. "Uko kazini?"

Kutoka upande wa Laare tulisikia mwanamke akilia kwa uchungu wa kuzaa.

"Amini unachotaka," Kathure akasema. "Mimi nina mama hapa anajifungua."